Hita ya Pikapu ya Baba

Esnath Mwalongo aliijua pikapu ile kwa mlio kabla hajaiona. Alikuwa amelala chali chini ya dashibodi ya basi dogo la mteja wa Mafinga, tochi ameing'ata, aliposikia injini ya dizeli ikikata kona kuingia uwanjani na kukohoa mara mbili ilipopunguzwa moto. Ulikuwa mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa bado umelalia mabati ya Lyamkena, pembeni mwa mji wa Makambako, na baridi ilikuwa ile ya kufanya spana igande kwenye vidole. Akatoa tochi mdomoni, akasikia mlango wa gari ukifunguliwa na kufungwa kwa nguvu.

“Fundi yupo?”

Ilikuwa sauti ya Gideoni, kaka yake wa tumbo moja. Getini palikuwa na bango kubwa lililoandikwa ESNATH AC NA UMEME WA MAGARI, na bado mtu huyu anauliza kama fundi yupo.

“Yupo,” Esnath akajibu bila kutoka. “Ana kazi. Subiri.”

Akamsubirisha. Waya aliokuwa anaufunga ulihitaji dakika mbili tu. Akaufunga, akaufungua, akaufunga tena. Hawakuwa wamesemeshana tangu miaka mitatu iliyopita, walipomzika baba yao. Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikaa kikao, ukaamua pikapu ibaki kwa Gideoni, kifungua mimba, mzee wa kanisa, mkulima wa viazi na parachichi anayeheshimika kijiji kizima cha Kichiwa. Esnath, aliyekuwa akiitengeneza pikapu hiyo tangu ana miaka ishirini na mbili, hakuulizwa kitu. Alisimama mbele ya wajomba na baba zake wadogo akasema kwamba wamempa gari mtu asiyeweza hata kutofautisha kompresa na betri. Baadhi walicheka. Wiki mbili baadaye Gideoni alilibeba boksi la spana la marehemu, akaliuza kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Esnath aliipata habari hiyo kwa mtu baki, na tangu hapo mguu wake haukukanyaga Kichiwa.

Alipojitoa chini ya dashibodi, alimkuta Gideoni amesimama kando ya boneti na koti zito na kofia ya kufuma, mikono mfukoni. Alikuwa amezeeka mashavu. Lakini siye aliyemshtua. Kwenye kiti cha mbele, nyuma ya kioo kilichojaa mvuke, alikuwa amekaa mama yao, amejizungushia blanketi na vitenge viwili, akifuta kioo kwa kiganja ili aone nje.

“Hukusema kama uko na mama,” Esnath alisema.

“Umeniambia nisubiri. Nikasubiri.”

Esnath akafungua mlango wa abiria. Ndani kulikuwa na baridi kuliko nje. “Shikamoo, mama.”

“Marahaba.” Bibi Mektilda alimtazama kuanzia viatu hadi kilemba. “Nilidhani umehamia Mbeya.” Kisha akakohoa, kikohozi kirefu kinachotoka chini kabisa, na Esnath akaona jinsi mabega yake yalivyokuwa yamepungua ndani ya blanketi.

Jirani na uwanja ule kulikuwa na kibanda cha chai cha dada mmoja aitwaye Brightness, ambaye jiko lake halikuzimika tangu alfajiri. Esnath akamshika mama yake mkono hadi pale, akamkalisha kwenye kigoda karibu na moto. Brightness akasema, “Karibu, Mama Gideoni.” Hivyo ndivyo watu wote walivyomwita, kwa jina la mwanawe wa kwanza, na asubuhi ile Esnath alilisikia jina hilo kama mchanga kwenye ugali.

Akarudi kwa Gideoni. “Ina nini?”

“AC. Haitoi joto. Mama ana kliniki ya kifua Njombe kila baada ya wiki mbili, na kesho ni siku yake. Daktari amesema asipigwe na baridi. Njombe nimelipeleka kwa fundi mara mbili. Amejaza gesi, amebadilisha feni. Hakuna kitu.”

“Alijaza gesi ili upate joto?”

“Ndivyo alivyosema.”

“Gesi ni ya kupoza. Ulimlipa mtu akuongezee baridi.”

Mafundi wawili waliokuwa wakinyoosha bodi la lori upande wa pili wakaacha nyundo. Gideoni aliwatazama, kisha akamrudia dada yake. “Nimekuja kutengenezewa gari, fundi. Sikuja darasani.”

“Mama amekaa kwenye baridi hiyo tangu lini?”

“Tangu mwishoni mwa mwezi wa tano.”

“Miezi miwili.”

“Ungekuwa unakuja nyumbani ungejua.”

Esnath aliingia kwenye pikapu akawasha injini. Kiti kilikuwa kimesogezwa mbele mno, kwa sababu Gideoni ni mfupi kuliko baba yao alivyokuwa, na jambo hilo dogo lilimuudhi kuliko yote. Akafungua feni hadi mwisho. Ilipuliza kwa nguvu, hewa baridi kama ya kisimani. Akazungusha kitufe cha joto kutoka kwenye rangi ya buluu kwenda nyekundu, akashuka, akafungua boneti na kutazama koki ndogo inayoruhusu maji ya moto kuingia upande wa abiria. Akamwamuru Gideoni azungushe kitufe tena. Gideoni akazungusha. Waya ulivuta, koki ikafunguka na kujifunga sawasawa.

Basi si feni, si waya, si koki. Yalibaki maji yenyewe. Joto la ndani ya gari halitengenezwi na kitu kingine chochote. Ni maji yale yale yaliyochemka kwa injini, yanayopitishwa kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi, feni ikayapulizia. Mipira miwili hupenya ukuta wa injini, mmoja unapeleka maji, mwingine unayarudisha. Esnath akaushika wa kwanza, akauachia haraka kwa moto wake. Akaushika wa pili. Ulikuwa baridi kabisa.

“Njoo ushike,” alisema.

“Nishike nini?”

“Shika huo. Halafu huo.”

Gideoni akashika, akavuta mkono. “Sawa. Kwa hiyo?”

“Kwa hiyo maji yanaingia na hayatoki. Kirejeta cha hita kimeziba.” Akainama juu ya chupa ya akiba ya maji, akaifungua kifuniko. Juu ya maji kulikuwa na utando wa rangi ya udongo wenye umanjano. Akachovya kidole, akakinusa. Ilikuwa harufu ya jikoni, harufu ya mchuzi. “Nani ametia manjano humu?”

“Manjano gani?”

“Bizari. Unga wa manjano wa dukani. Watu huutia kwenye rejeta inayovuja ili uzibe tundu. Unaziba tundu, halafu unaziba na kila kijia chembamba, cha kwanza kikiwa hita. Nani ametia?”

“Sijatia kitu.”

“Limeingia lenyewe?”

“Nimesema sijatia. Labda huyo wa Njombe.”

“Fundi wa hita ndiye azibe hita?” Esnath aliinua sauti makusudi, ili wale wa bodi la lori wasikie. “Mzee wa kanisa, nakuuliza mara ya pili. Gari lilikuwa linavuja, ukaona uvivu kulipeleka kwa fundi wa rejeta, ukanunua pakiti ya bizari. Sema tu. Kusema hakukuondolei uzee wa kanisa.”

Gideoni alibadilika rangi. Midomo ilimcheza kama mtu anayetaka kusema jambo, akatupa macho upande wa kibanda cha chai, akayarudisha. “Tengeneza au usitengeneze,” alisema taratibu. “Mimi matusi nilishayapata kwako ya kutosha.”

Esnath akatengeneza. Injini ilipopoa, alichomoa ile mipira miwili, akaunganisha bomba la maji kwenye mdomo wa kutokea ili kuusukuma uchafu kinyumenyume. Mwanzoni maji yalikataa kupita, yakamrudia kifuani na kumlowanisha fulana hadi mwilini. Akaongeza nguvu, akapunguza, akaongeza. Mara mpira ukatetemeka, na kirejeta kikatapika kitu kama uji wa ulezi, donge baada ya donge, na harufu ya bizari ikajaa uwanja. Alikinga kwenye beseni la bati. Lilipofika nusu, alilinyanyua akaliweka miguuni pa Gideoni.

“Hiyo ndiyo AC yako,” alisema.

Angeishia hapo, mambo yote yangekwenda sawa. Maji yaliyotoka kwenye hita yalikuwa sasa yanapita meupe, na kazi iliyomleta Gideoni ilikuwa imekwisha. Fundi mwenye akili, akijua kwamba gari lina safari kesho asubuhi, angerudisha mipira, akajaza maji, akamwambia mwenye gari arudi siku nyingine kwa ajili ya rejeta kubwa. Esnath alilijua hilo kama anavyolijua jina lake. Alijua manjano yale yalikuwa yameziba tundu mahali fulani, na kwamba ukiyaosha yote, tundu litarudi. Lakini alimtazama Gideoni aliyesimama na viatu vyake safi kando ya lile beseni, asiyekubali kosa, na moyo ukamwambia alifungue tundu hilo ili uongo uonekane mbele ya watu. Akapiga magoti mbele ya gari, akafungua koki ya chini ya rejeta, akaingiza bomba juu, akafungulia maji kwa nguvu zote.

Alipomaliza alijaza maji mapya ya rejeta, akapandisha magurudumu ya mbele kwenye mbao ili hewa itoke, akawasha injini huku hita ikiwa wazi. Vipovu vikatoka, vikapungua, vikakoma. Baada ya robo saa, hewa ya vuguvugu ikaanza kutoka kwenye matundu ya dashibodi, kisha ya moto, kisha ya moto kiasi kwamba ukiweka mkono unautoa. Mvuke uliokuwa umefunika kioo cha mbele ukajikunja kutoka chini kwenda juu, kioo kikabaki cheupe. Esnath alisahau hasira kwa dakika nzima. Alikaa pale mikono imeelekezwa kwenye joto, na vidole vyake vikaanza kumuuma kwa kurudi uhai.

Gideoni akagonga boneti. “Fundi. Hii nini?”

Akashuka. Chini ya rejeta, upande wa kushoto, matone yalikuwa yanadondoka, moja kwa kila pumzi, na kabla hajainama yalikuwa yameshakuwa uzi.

“Ni lile tundu lako,” alisema. “Lililozibwa na bizari.”

“Nilikuja hapa na gari halivuji.”

“Lilikuwa linavuja. Lilifichwa.”

“Lilikuwa linatembea!” Ilikuwa mara ya kwanza sauti yake kupanda. Akaishusha tena, akamsogelea. “Kesho saa tatu mama anatakiwa Njombe. Lingemfikisha. Kwenye baridi, lakini lingemfikisha. Sasa litamfikisha nani? Ulifungua ile koki ya chini kwa nini? Niliomba hita. Niliomba rejeta?”

Esnath alitafuta jibu la kifundi. Yapo majibu ya aina hiyo, na mteja mwingine angelipokea lolote. Lakini Gideoni alikuwa anamtazama usoni kama walivyokuwa watoto, mmoja akijua kabisa kwamba mwenzake amevunja kikombe.

“Rejeta ingekufa njiani siku moja,” alisema.

“Siku moja. Siyo kesho.” Gideoni akageuka akatema mate pembeni. “Baba alikusomesha ufundi ili umkomoe nani?”

Nyundo upande wa pili zilianza kugonga tena, kwa adabu. Esnath alichukua spana namba kumi na mbili, akaanza kufungua rejeta. Aliifungua kwa hasira, akajikata kidole kwenye mapezi ya bati, akaendelea. Ilipotoka, akaelekeza kidole chenye damu kwenye mshono wa chini ulioachia. “Nyuma ya soko kuna fundi wa rejeta, Ebeneza. Mwambie achomelee mshono huu wote, asichomelee tundu peke yake. Mwambie aipime kwa hewa kwenye maji. Akimaliza, irudishe.”

Gideoni alimsimamisha bodaboda, akapakata rejeta mapajani kama mtoto mgonjwa, koti lake likalowa maji machafu. Hakuaga.

Saa kumi na moja jioni alikuwa hajarudi. Ebeneza alikuwa na foleni, Gideoni akapiga simu kusema kazi itakwisha usiku. Esnath akamchukua mama yake kwenda kwenye vyumba vyake viwili vya kupanga, mwendo wa dakika tano, akawasha jiko la mkaa, akafungua dirisha kidogo kwa ajili ya moshi, akamkalisha kitandani. Alipika ugali na maharage, akamchemshia na maji ya kuoga. Kazi hizo zote alizifanya huku akiongea, maana hasira ilikuwa haijamtoka, ilikuwa imebadilisha njia tu.

“Gari la baba analitia bizari kama mchuzi. Halafu anasimama mbele yangu anakana. Mtu anayeshika sadaka kila Jumapili. Miezi miwili unakohoa kwenye gari, naye anazunguka na mafundi wa gesi. Kama angekuwa na ukweli hata kidogo, siku ile ile hita ilipokufa tungejua ni nini. Lakini yeye tangu tukiwa wadogo akikosea—”

“Manjano nilitia mimi,” mama yake alisema.

Esnath aligeuka na mwiko mkononi.

Bibi Mektilda alikuwa ananyoosha blanketi magotini kana kwamba amesema habari za hali ya hewa. “Lilichemsha njiani tukitoka kliniki. Kaka yako akashuka bondeni kutafuta maji. Mimi nilikuwa na pakiti kwenye kikapu, nimetoka kununua. Baba yako alikuwa anatia, kwenye ile gari ya kwanza, kabla yako. Nikatoa kifuniko na kitenge, nikamimina. Pakiti mbili. Tukafika nyumbani salama.”

“Ulifungua rejeta ya moto? Ungeungua uso mzima, mama.”

“Sikuungua.”

“Kwa nini hukusema leo? Ulikuwa pale kwenye chai, ulisikia ninavyomsema.”

“Nilisikia. Wanyalukolo wote, ndugu na majirani wa Lyamkena, walisikia.” Akakohoa, akasubiri kikohozi kimwachie. “Ungenisikiliza? Wewe huulizi, Esnath. Unakuja na jibu lako mkononi, unatafuta mtu wa kulipachika. Siku ya kikao ulifanya vile vile.”

“Siku ya kikao walinidhulumu. Nawe ulikaa kimya.”

“Nilikaa kimya kwa sababu mimi ndiye niliyehitaji gari, na mimi ninaishi Kichiwa. Ulitaka liegeshwe hapa Makambako, mimi nikiumwa nipande nini?” Alisema bila ukali, na ndiyo maana iliuma. “Gideoni ana ubishi. Ana majivuno. Spana za baba yenu kuuza lilikuwa jambo la kijinga, nilimwambia, na siku ile hakula kwangu. Lakini kila baada ya wiki mbili ananibeba. Wewe ni fundi wa hita, na mwanao wa kike ana miaka mitano, mimi nimemwona mara mbili.”

Mtoto huyo, Rejoice, alikuwa kwa baba yake Iringa kwa ajili ya likizo. Esnath alitaka kusema hilo, kisha akaona halisaidii. Akageuza ugali uliokuwa umeanza kuungua.

Gideoni alilala gesti karibu na stendi. Aliambiwa kuna mkeka kwa dada yake, akasema hapana. Alfajiri saa kumi na moja alikuwa getini na rejeta yake imechomelewa vizuri, mshono wote, kazi safi ya Ebeneza. Esnath akaifunga kwa mwanga wa tochi, na tochi ilibidi aishike Gideoni kwa kuwa mwingine hakuwepo. Pumzi zao zilitoka nyeupe kwenye baridi.

“Mama ameniambia,” Esnath alisema akiwa ameinama. “Kuhusu manjano.”

Mwanga wa tochi haukutikisika. “Nilikuta pakiti tupu chini ya kiti wiki ile ile.”

“Ulijua?”

“Nilijua.”

“Jana ulipoulizwa ungesema.”

“Nimseme mama mbele ya wagonga bodi?” Gideoni alivuta kamasi kwa baridi. “Na wewe ulitaka niwe mimi. Ningesema nini ukakubali?”

Esnath akakaza klipu ya mpira wa juu. Aliikaza kupita kiasi, akailegeza nusu mzunguko. “Koki ya chini nilifungua makusudi,” alisema. “Halikuwa la lazima jana.”

“Najua. Nilikuona uso.”

“Na boksi la spana?”

“Hilo niliuza.”

“Kwa kilo.”

“Kwa kilo. Ulinifanya kichekesho mbele ya wajomba siku tuliyomaliza msiba wa baba yangu. Nilitaka kitu kikuume, sikuwa na kingine.” Akasita. Esnath alidhani ataongeza neno, lile moja ambalo mtu hulisema baada ya hapo. Hakuliongeza. “Mulika wapi sasa?” aliuliza.

“Hapo chini. Kushoto zaidi.”

Walitoka Makambako saa moja kasoro. Esnath alisema lazima aende nao kulitazama gari mara ya kwanza likiwa na mzigo wa safari, na Gideoni akasema sawa, lakini ufunguo hakuutoa. Aliendesha yeye. Esnath alikaa kiti cha nyuma na dumu la maji ya rejeta kati ya miguu yake, shingo imenyooshwa kutazama geji ya joto katikati ya vichwa vya watu wawili aliowakasirikia. Mshale ulipanda hadi karibu na nusu, ukasimama. Nje, mashamba ya chai na misitu ya misindano ilipita ndani ya ukungu, na majani kandokando ya lami yalikuwa meupe kwa jalidi. Ndani, joto lilimiminika. Baada ya dakika ishirini bibi Mektilda alifungua blanketi. Baada ya nusu saa alivua kitenge cha juu.

“Sasa limezidi,” alisema. “Mnanipika.”

Gideoni akapunguza kitufe. Hakuna aliyecheka. Lakini Esnath alihesabu, kwa mazoea ya kusikiliza milio, na kati ya Kichiwa na Njombe mama yao alikohoa mara mbili tu.

Walisimama mara moja, kwenye mteremko kabla ya mji. Injini ilipotulia, Esnath alipapasa mshono kwa vidole na kuangalia chupa ya akiba. Palikuwa pakavu, na maji yalikuwa pale pale kwenye mstari. Aliwaambia hivyo, akarudi nyuma. Hospitalini Gideoni alimshusha mama yao, akampa mkono, na wakapanda ngazi polepole. Esnath alibaki uwanjani na gari. Alitamani kukalia kiti cha dereva na kukirudisha nyuma kilipokuwa zamani. Alikaa, akashika chuma cha kusogezea, akakiacha.

Saa nane alipanda basi kurudi kazini, maana wao walikuwa bado wanasubiri dawa. Kabla ya kuondoka alimwomba mama yake aje akae Makambako miezi hii ya baridi. Bibi Mektilda alisema kuku wake hawawezi kulishwa na mke wa Gideoni, na kwamba Kichiwa si mbinguni, basi linafika.

Tangu mwezi wa nane Esnath huenda Kichiwa, Jumapili moja na kuruka moja, na siku hizi humchukua Rejoice. Gideoni akisikia wanakuja huwa na kazi shambani baada ya ibada, na hurudi wakishaondoka. Hajasema lile neno la samahani, wala Esnath hajasema la kwake. Chakula hupikwa na kuliwa bila yeye. Lakini pikapu haendi nayo shambani siku hizo. Huachwa uani, kwenye jua, boneti imefunguliwa tayari, na kabla ya kuingia ndani kumwamkia mama yake Esnath huinama kuitazama.